Tumbo la Mwamvita na Mikono ya Chuma

Kwenye barza yangu ya kahawa, hapa sokoni Kasongo, wanaume wananiita Bibi, wanakuja kunywa na kuogopa pamoja, huku wanajifanya wanabishana. Asubuhi ile mvua ilikuwa imekata barabara, ndege ya safari haionekani, na wao walikuwa wanapanga tumbo la Mwamvita lipasuliwe namna gani. Mwamvita ana kansa ya kizazi, bado changa. Mutoto wake Kamaldine, anayesoma Uhindi, amepata hospitali kule, na amepiga simu mama achague njia ya kupasuliwa. Njia zote mbili ni matundu madogo tumboni. Moja, dakitari anashika vyuma kwa mikono yake. Ingine, vyuma vinashikwa na roboti, dakitari anakaa pembeni anaiongoza.

— Mikono ya mutu! akasema Mahamudu, tunamwita Radio, Mwamvita ni yaya wake, dada yake mukubwa. Umeme ukikatika, roboti itabaki imemuuma yaya wangu ndani!

— Roboti haitetemeki, akajibu Ilunga, muchimba dhahabu wa Salamabila, tunamwita Shimo. Weye kila siku unamwaga kahawa ya Bibi.

— Namwaga juu iko moto!

— Unamwaga juu unaogopa.

— Na ikisahau mukono wake mumoja ndani? Yaya atembee na chuma kinachogeuka chenyewe?

— Radio, acha.

— Kamaldine anasema wanapuliza hewa kwanza, akasema Radio, tumbo livimbe, ndipo waone.

Shimo akaweka kikombe chini.

— Hewa? Kule kwetu, shimo likiomba pompi ya hewa, ujue ni baya. Muchimba mwenzangu Josué alishuka kwenye shimo kama hilo. Pompi ikazima.

— Akapanda?

— Tulimupandisha na kamba, akasema Shimo, tukamuzika.

— Basi wapasue tumbo lote! Radio akalia.

Nikawaambia wanyamaze, hawajapasua hata kuku.

Pikipiki ya kutoka kijiji cha Lusangi, iliyopenya matope, ikasimama. Akashuka Mwamvita mwenyewe, kikwembe alichojifunga kiunoni matope mpaka magotini. Hakukaa.

— Zote mbili zinatoa ugonjwa? akauliza.

— Zinatoa, yaya. Kamaldine anasema kupona ni karibu sawasawa.

— Basi nambieni ingine. Dakitari alisema kansa iko ndogo. Itabaki ndogo mpaka barabara ikauke?

Radio akamusogezea kiti. Shimo akaangalia mvua.

Nikainua birika nimumiminie. Likatoa machicha ya kahawa tu, na nusu ikaanguka chini. Mara hii mwenye kumwaga ni mimi, na haikuwa moto.