Chupa Ishirini na Mbili za Nekoye

Waombolezaji wenzetu, kabla udongo haujamfunika, familia inaomba muisikie safari yake.

Marehemu Mama Nekoye alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, mjini Nakuru, binti wa fundi wa reli, Mzee Hezekiah, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1976. Tarehe 8 Disemba 1984 alifunga ndoa na Mzee Khaemba, wakahamia Mai Mahiu, wakajaliwa binti mmoja, Joyline, na kwa miaka mingi kibanda chake cha chai kiliwapokea madereva wa malori wakikohoa kutoka Mombasa na Malaba, mafua ya kila upande yakipitia kwake kwanza.

Ndiyo maana mwaka 2014 watafiti wa homa ya mafua walimwomba damu, naye akakubali, na kila Aprili kabla ya baridi, na kila Septemba baada yake, muuguzi wao, sista Chepkemei, alimtoa damu chupa moja, hadi zikafika ishirini na mbili. Majirani walisema anauza damu kwa soda na mkate, yeye akacheka, akawaeleza kwamba ndani ya damu mna kingamwili, askari wanaokumbuka mafua yaliyowahi kumpiga mtu, na kwamba watafiti huizimua tena na tena, wakiichanganya na virusi, waone itashindwa wapi kuvizuia, akaongeza kuwa chai yake ikizimuliwa hivyo hakuna dereva atakayerudi.

Novemba 2024 alianza kuugua moyo, akalazwa Nakuru, na Jumapili tarehe 9 Februari 2025 akatuacha.

Familia haitaficha kwamba mazishi haya yalichelewa siku tatu. Mzee Khaemba aliposikia chupa zile bado ziko kwenye friji ya maabara, alikataa katakata, akasema mtu wake hazikwi nusu, zirudi zote ziingie kaburini. Ndipo Joyline akamsomea fomu aliyotia sahihi mama, mahali palipouliza damu ifanyweje akifa, naye ameandika kwa mkono wake: “Ikae. Mimi nimezoea kungoja madereva, wacha nayo ingoje mafua.” Mzee akalia, kisha akaomba chupa moja tu, ile ya kwanza. Leo asubuhi sista Chepkemei ameileta mwenyewe, nayo imo jenezani, kando ya mkono wa kushoto aliozoea kuunyoosha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, madereva waliozima malori yao leo, na watafiti wanaobaki na zile ishirini na moja.

Mama Nekoye, pumzika kwa amani, hapa tunapokulaza, na kule unakoendelea na kazi.