Mdandiaji Ndani ya Mlimau

Kijiwe cha Isevya kiko mbele ya ua wa Twalibu, fundi cherehani, na kahawa yake hunyweka asubuhi, kabla jua halijawakumbusha watu kwamba wana kazi. Leo benchi lilikuwa na watu watatu na barua ya ofisi ya kilimo yenye mihuri miwili. Ilisema mlimau wa Twalibu una kirusi, na kirusi hicho kimebeba kipande kidogo cha RNA, chembe ya urithi, kiitwacho setilaiti, kisichoweza kuzaana bila kirusi chenyewe. Mtaalamu angekuja kuamua kama mti ukatwe. Twalibu hakugusa kikombe. Mlimau ule aliupanda marehemu mkewe, Mwanamkuu.

— Yaani ugonjwa nao una mgonjwa wake? aliuliza Zablon, mkata tiketi wa zamani, waliyemwita Reli.

— Una mdandiaji, alijibu Kasimiri, karani mstaafu, waliyemwita Katibu. Mara hupoza ugonjwa, mara huuchochea. Wameandika “kwa hatua zaidi”, maana yake hata wao hawajui.

— Huyo namjua! Misafara ya Ujiji ilikuwa naye. Hana mzigo, hana bosi, anafuata harufu ya ugali.

— Reli, acha hizo.

— Alichoka hapa, akalala ardhini miaka mia na hamsini, mpaka shemeji alipochimba shimo la mche. Sasa anaota njia ya kwao. Hayo madoa ya majani ni ramani, bwana wee!

Twalibu aliyatazama majani juu ya ukuta. Ndani ya michirizi ya njano aliona msururu mrefu ukipita bila vumbi, bila sauti, na nyuma kabisa mtu mmoja mikono mitupu. Akaomba mdandiaji wa mti wake awe yule wa kupoza.

Pikipiki ilisimama. Akashuka Advera, bibi shamba mpya, mtaalamu aliyetajwa kwenye barua.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Aliukagua mti, akatoa kalamu na karatasi.

— Umeuzoea ugonjwa. Nitauacha, mradi haujausambaza. Kuna mtu aliyewahi kuchukua kipandikizi, hata kijiti cha kuunga, hapa?

Katibu akaisoma upya mihuri. Reli akainamia kikombe kilichokwisha. Kila mmoja alikuwa na mlimau kwake uliotoka kwenye mti huu, na Twalibu alijua. Mwanamkuu hakuwahi kumnyima mtu. Alikata mwenyewe, akafunga kwa kitambaa kibichi, akawafuata walioona haya kuomba. Kusema hakuna aliyechukua kungemfanya marehemu mchoyo.

— Mwanangu, alisema Twalibu, umekuja na karatasi hiyo moja tu ya kuandikia majina?