Paskazia Mihayo, Mlinzi wa Ndege wa Mwagelenge

Baba Padri, wazee, ndugu tuliosafiri na mwili kutoka Ushirombo, na ninyi watu wa Mwagelenge mliokaa hapa, mimi ni Mabula Mihayo, mdogo wa marehemu, mtoto wa mwisho kwa mama yetu, familia imeniteua niwasomee maisha ya dada, nami nimeyaandika kwa mkono wangu jana mchana kutwa, naomba nisikatizwe, maana hasira zangu mnazijua na leo sitaki zinisaidie kukwepa.

Marehemu Paskazia alizaliwa tarehe 12 Machi 1934, katika mji wa baba yetu mzee Mihayo, ng'ambo ya mto, mahali ambapo leo ni mbuga ya kulishia ng'ombe, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano, watatu wametangulia, tukabaki yeye na mimi, na kuanzia Jumanne iliyopita nimebaki peke yangu.

Shule hakupelekwa. Baba alisema mtama haujilindi wenyewe, basi mwaka 1942, akiwa na miaka minane, akapandishwa kwenye dungu na kombeo mkononi, kazi yake kuamia ndege kuanzia umande unapokauka hadi jua linapozama, kila mwaka mtama unapoanza kutia maziwa, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi mfululizo. Wenzake wa madungu ya jirani walikuwa wanapiga kelele na kurusha mawe kwa chochote chenye mabawa, kwao wote walikuwa noni tu, ndege tu, lakini yeye akawa anatazama kwanza, nani anatua kwenye suke na nani anatua chini, nani anakula punje na nani anakula kiwavi, kwa hiyo akawa anarusha mawe machache kuliko wote, na baba akampiga mara mbili kwa uvivu kabla ya kugundua kwamba shamba letu ndilo lililoliwa kidogo.

Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, katika darasa la elimu ya watu wazima, kuanzia mwaka 1972, akiwa mjane wa miaka thelathini na minane, na katika mtihani wa mwaka 1975 alifuzu hatua ya nne. Mwalimu wake alipata kunisimulia kwamba siku ya kwanza walipoambiwa kila mtu atunge sentensi yake, wengine waliandika juu ya pamba na chama, yeye akaandika, "Tetere anakunywa maji bila kuinua kichwa." Mwalimu akamwambia, kwa jina la binti yake, "Mama Generoza, ndege wote huinua kichwa, hata kuku," naye akajibu, "Mwalimu, kuku namjua, mimi nimeandika tetere." Darasa zima likatoka nje likaenda kisimani kutazama, na mwalimu akarudi akaifuta alama ya kosa.

Mimi nami shule sikuikanyaga, nilichunga ng'ombe, herufi nilijifundisha mwenyewe kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari, hakuna aliyenishika mkono, na jambo hilo nilijivunia mno, nalitaja hapa kwa sababu lina sehemu yake katika yatakayofuata.

Kazi. Mwaka 1974 tulipohamishiwa hapa kijijini, nyumba zikiwa zimepangwa mstari na uwanja wa kila nyumba ukiwa mweupe kama kiganja, dada alipanda ua wa minyaa, akachukua kigae cha mtungi uliovunjika safarini akakizika nusu na kukijaza maji, na pumba za kupepeta akawa anazimwaga mahali pamoja, ndege wakaanza kuja. Hakufuga hata mmoja. Alikuwa anakaa mlangoni akichambua mboga na kuwaangalia, na usiku huohuo, kabla hajasahau, anaandika kwenye daftari lake la darasani. Alijua kwamba shore akipiga kelele akiwa ameinamia sehemu moja ya ua, hapo pana nyoka, na kwa habari hiyo tu aliwaokoa watoto wa nyumba ya tatu mwaka 1977. Alijua kwamba dume la mnana ndilo linalosuka kiota, na jike likija kukikagua lisipokipenda, dume hulibomoa lile tundu na kuanza upya, akawa anawaambia wanawake wenzake kisimani, "Jamani, nanyi kagueni paa kabla hamjahamia," wanacheka mpaka ndoo zinamwagika. Yule ndege mweusi mwenye mkia uliopasuka, jina lake hakulijua, akamwita Mkasi, na leo watoto wa hapa wote wanamwita Mkasi.

Kuanzia Januari 1976 hadi Juni 1984 aliajiriwa na shule ya hapa kuwa mlinzi wa ndege katika shamba la mtama la wanafunzi, na walimu waliofanya kazi naye wapo hapa, watakumbuka alivyokuwa anawazuia watoto, "Huyo mwache, huyo anakula viwavi, mpige yule wa pembeni."

Ndoa. Tarehe 6 Septemba 1952 alifunga ndoa takatifu na marehemu Gelasius Bujiku, fundi wa kujenga, mtu mpole ambaye hakuwahi kumwuliza kwa nini anatazama paa la jirani badala ya kumtazama yeye, na waliishi pamoja hadi Mungu alipomchukua Gelasius mwezi Mei 1971. Walijaliwa watoto wanne, wawili walifariki kwa surua mwaka 1958 katika wiki moja, waliobaki ni Generoza, aliyeolewa Ushirombo, na Telesphori, anayechimba dhahabu upande wa Geita, ambaye ndiye aliyetafuta lori lililotuleta. Ameacha wajukuu saba.

Hapa, kwa kawaida, msomaji hupita kwenda kwenye ugonjwa. Mimi sitapita.

Juzi, tulipokuwa tunapakia mwili, Generoza alinipa daftari la mama yake, akaniambia, "Mjomba, tarehe zote zimo humu, andikia hapo." Nimelisoma lote. Nawasomea sehemu moja kama ilivyoandikwa. "Tarehe 9 Aprili 1984, asubuhi, kigaeni, wamekuja na mnana lakini si mnana, mdomo mwekundu, uso mweusi, kumi na wanne. Tarehe 11 Aprili, mdomo mwekundu sabini au zaidi, wanakunywa kwa zamu wakisukumana, wanaruka pamoja kama moshi. Hawa ni kwelea kwelea. Nimekwenda kwa balozi aandike barua kwa bwana shamba kule Mhunze ili waletewe ndege ya kunyunyiza dawa kabla hawajawa wengi. Amecheka."

Balozi wa nyumba kumi alikuwa mimi. Alikuja kwangu na daftari hili, jua likiwa bado halijawa kali, nikiwa nanoa jembe, akanifungulia ukurasa, nikamwambia, "Dada, wewe unaona mdomo mwekundu, mimi naona ndege." Akasema, "Mabula, mwaka 1949 tuliwaona hivihivi, baba akapuuza, tukala mizizi. Andika barua." Nikamwambia mimi sijajifundisha kuandika ili niandike barua za shomoro, nenda kalinde shamba la shule. Kazi ya nusu saa, na kutuma mtu mmoja, basi. Nilikataa kwa sababu nilikuwa najua kusoma tangu yeye hajui kushika kalamu, na sikupenda anifungulie ukurasa.

Mwezi wa tano waliingia. Mliokuwapo mnajua, sina haja ya kueleza mlio wa mabawa yale, wala mtama uliobaki mashina matupu kwa siku nne, wala mikebe tuliyopiga mpaka ikatoboka. Bwana shamba alipopata habari akaja, akauliza kwa nini hakuletewa taarifa mapema, mimi nikamjibu kwamba ndege hawapigi hodi.

Tarehe 17 Juni 1984, siku ya Jumapili, baada ya ibada, tulikutana kwenye uwanja wa ghala la pamba, njaa imeshaanza kuonekana kwenye shingo za watoto, na watu wanatafuta kisa. Ndipo mwanakijiji mwenzetu Masele akasimama akasema, "Kijiji kizima ni nyumba moja tu inayowatengea ndege maji na chakula. Aliyemwekea mgeni maji asiseme hakumwita." Watu wakaitikia. Dada akasimama mbele yangu, hakulia, hakupandisha sauti, akasema, "Balozi, mwezi wa nne nilikuja kwako na daftari. Waambie."

Nikasema, "Sikumbuki daftari lolote."

Mimi, ambaye mnanijua kwa kumwambia mtu ukweli usoni, niliyemsimamisha muuza chumvi sokoni kwa kibaba kilichopungua kidole, niliyegombana na padri wa zamani kwa sababu ya ahadi ya bati, nilisema sikumbuki, na nilikuwa nakumbuka mpaka kipande cha jembe nilichokuwa nakinoa. Niliogopa mkiniuliza barua iko wapi. Kisha mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, nikatangaza uamuzi wa mkutano kwamba Mama Generoza ametengwa, asisalimiwe, asipewe moto, asisagiwe, asichotewe maji, wala shughuli yake yoyote isihudhuriwe, hadi mkutano utakapoamua vingine.

Watoto waliomwamkia shikamoo kwa mazoea walipigwa na mama zao. Shule ikampa kazi mtu mwingine. Katika daftari, tarehe 20 Juni, ameandika, "Nimefunika kigae. Tetere wamekuja, wamezunguka, wameondoka." Baada ya hapo kurasa ni nyeupe hadi mwezi wa tisa, alipochukua mzigo wa kichwani akaenda kwa miguu hadi barabara kuu, akapanda lori hadi Isaka, kisha Ushirombo kwa Generoza, na mimi nilikuwa shambani nikamwona anapita, nikainama kung'oa magugu.

Ugonjwa. Kuanzia Novemba 1987 alianza kusumbuliwa na kifua na kukosa pumzi, akapelekwa hospitali mara tatu, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Mwezi Desemba nilikwenda kumwona, na nawaambia wazi, nilikwenda nikiwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, nimeyarudia njia nzima kwenye basi. Nikamkuta uani amewekewa kiti, anatazama ndege mdogo wa kung'aa kwenye maua ya mgomba. Baada ya salamu akaniambia yule ni chozi dume, wakati si wa kuzaa rangi yote hiyo humtoka akabaki kama vumbi. Mimi nikasema hapana, hao ni ndege wawili tofauti. Sijui kwa nini nilisema. Tukabishana mpaka akaanza kukohoa, akacheka katikati ya kikohozi, akaniuliza, "Mabula, ulikuja kuniona au kunibishia?" Nikasema kukuona. Akasema, "Basi nione." Nikanywa uji, nikapanda basi la mchana nikarudi, na maneno yangu niliyoyapanga nikarudi nayo. Mkutano wa Juni hakuutaja. Alichouliza ni kama watoto wa shule bado wanawapiga ndege wanaokula viwavi.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Februari 1988, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, baada ya kupokea sakramenti ya wagonjwa, na wosia wake ulikuwa mmoja, azikwe hapa Mwagelenge karibu na Gelasius.

Shukrani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hawakuchoka. Tunawashukuru walimu wa shule aliofanya kazi nao. Tunawashukuru majirani wa Ushirombo, waliompa moto na maji miaka mitatu na nusu, na waliopanda lori kwenye matope haya kuja kumzika mtu wa kwetu. Majirani wa Mwagelenge, shukrani zenu bado sijaziandika.

Leo alfajiri vijana wa hapa walinijia, kwa heshima zote, wakaniuliza kama inaruhusiwa kumchimbia kaburi mtu aliyetengwa, kwa sababu mkutano haujawahi kuamua vingine. Kaburi hilo limechimbwa na Telesphori, wageni wa Ushirombo, na mimi. Wengi wenu mmekuja mkakaa kule mbali kwenye ukingo wa uwanja, ili mkiulizwa mseme hamkuhudhuria, nami siwezi kuwakasirikia, mnatii neno nililolitangaza mimi. Masele yupo pale. Sina neno naye, yeye alisema alichokidhani, mimi nilificha nilichokijua.

Kwa hiyo nasema mbele ya Mungu na mbele ya maiti, Mama Generoza aliwaona kabla yetu sote, alikuja kwa balozi kwa wakati, na balozi akamcheka, kisha akamkana. Adhabu ile ilikuwa yangu. Matanga yakiisha, itisheni mkutano mnipe, sitajitetea. Ila yeye msimwache ashuke nayo kaburini. Hatuna muda wa kikao, mvua ile pale inakuja, basi tufanye hivi, Baba Padri atakapomaliza, kila atakayesogea akatupa udongo kwa mkono wake atakuwa ameifuta, na atakayebaki amekaa abaki, sitamuuliza.

Dada Paskazia, amani tulikunyima sisi, mimi wa kwanza. Chukua ya Mungu, upumzike. Mimi natupa udongo wa kwanza, kisha nasogea pembeni nione nani anakuja.