Kikombe cha Haji Mutlaq

Pale mjini Mafraq, nje ya gereji ya Fawaz ya kuziba pancha, kuna benchi lililosikia uongo mpaka miguu yake imepinda. Ng'ambo ya barabara ni ghala la shirika la kimataifa. Ndani imelala pampu mpya ya kisima cha kijiji cha Umm Rijal, imelala tangu majira ya baridi yaliyopita, hata njiwa wamezalia vitukuu juu yake. Nawaf, mlinzi wa ghala, anaitwa Balozi kwa sababu ya fulana yake ya buluu ya shirika na shada la funguo kiunoni. Asubuhi hiyo zamu ya kumimina kahawa ilikuwa yake.

— Balozi, pampu inatoka lini? Fawaz alimchokoza.

— Itatoka. Pale bila mimi hata nzi haingii!

— Nzi haingii, pampu haitoki. Hongera!

— Haraka haraka haina baraka, bwana.

— Watu wana kiu, we unatupa methali!

Kassab dereva teksi, anayeitwa Redio maana hazimiki, akakohoa.

— Mimi ninazo habari. Mwenye muhuri kule makao makuu Geneva yuko likizo. Anayemshikia nafasi anangoja ruhusa ya kushika nafasi.

— Wapi! Wameunda kamati ichunguze kama maji yanalowesha, akasema Fawaz.

— Na kamati nyingine ya kuichagulia viti! Redio akaongeza.

— Penye wazee hapaharibiki neno, Nawaf akajitetea.

— Pampu yenyewe ndiyo mzee, imeota mvi!

Wakacheka. Nawaf alicheka kuwashinda wote, huku mashavu yanamwaka moto.

Ndipo akaja Haji Mutlaq, mfugaji wa Umm Rijal, vumbi mpaka kwenye kope. Nawaf akammiminia. Mzee akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele ya Nawaf bila kukionja.

Kwa desturi ya huko, mgeni akifanya hivyo ana haja, na hanywi mpaka mwenyeji amkubalie.

— Sema, ami, Nawaf akanong'ona.

— Kondoo tumeshauza. Sasa wanawake wetu wanapigania kamba kisimani. Nimesikia funguo unazo wewe.

Funguo zikamlemea kiunoni kama ngamia mwenye mimba.

— Funguo ninazo, ami. Ruhusa sina.

— Anayo nani?

— Ofisi ya Amman wanasema Geneva.

— Na Geneva?

— Wanasema Amman.

Kahawa ilishaacha kufuka. Mzee akakiinua kikombe kwa mikono miwili, taratibu, asimwage.

— Basi mwanangu, nikiweke mbele ya nani?

Redio akazimika. Fawaz akainamia tairi lisilo na pancha, akaanza kuliziba. Nawaf akaivuta fulana izifunike funguo; zikagongana, zikalia, na mzee bado amekishika kikombe.