Nafasi ya Shangazi kwenye Fomu

Basi la kutoka Mbeya lilikuwa limeanza kupita kwenye misonobari, Mafinga si mbali tena, pale mama mmoja alipomwomba baba aliyeketi pembeni yake amwandike kuwa shangazi wa binti yake. Esnath, siti ya nyuma yao, akaacha kuchezea simu.

“Mama, hatujuani,” alisema yule baba, akiifunika kwa kiganja fomu ya wageni ya shule ya bweni.

“Ni kweli. Lakini umesema unakaa Ilomba, kule Mbeya, na kazi haikupi nafasi ya kuja siku za wageni. Mimi nakaa Mafinga, nyuma ya ukuta wa shule. Tangu mzee wangu afariki niko peke yangu, kengele yao ndiyo inayoniamsha. Jumapili ya wageni nilikuwa napika wali, naingia, nakula na yeyote aliyekosa mtu. Siku hizi getini wanataka jina kwenye fomu.”

“Na binti yangu nimwambie wewe ni nani?”

“Mwambie shangazi. Hatauliza sana, atakuwa na njaa.”

Baba akalitazama lori la mbao lililokuwa likipishana nao mpaka likapita. “Kalamu sina,” akasema. Kisingizio cha kistaarabu, Esnath aliona.

Yeye alisoma shule hiyohiyo miaka minne. Kila Jumapili ya wageni alikuwa akifua sare ambazo tayari ni safi, kwa kuwa ukiwa bombani geti halionekani.

Basi liliposimama stendi ya Mafinga, alikuwa bado amenyoosha mkono wenye kalamu yake juu ya siti, katikati ya vichwa vyao viwili, na hakuna aliyeipokea.