Fundi Kola na Viatu vya Juu ya Kabati

Kaka zangu wameomba wasifu huu uwe mfupi na usiwe na maneno. Utakuwa mfupi.

Baba yetu, mliyemjua kama Fundi Kola, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa tatu wa mpishi wa shule. Alisoma hadi darasa la saba akaacha mwenyewe, maana alikwisha kuonja cherehani ya shangazi yake.

Alishona miaka yote katika chumba cha mbele, mlango wazi barabarani. Mteja mwenye haraka aliambiwa, "Kavae gunia, hilo liko tayari." Mwaka 1979 alimwoa mama yetu, aliyekuja kupunguziwa gauni akarudi nalo halijaguswa, kwa kuwa fundi alikuwa anaongea tu. Mama alitangulia mwaka 2015.

Ugonjwa ulianzia mguu wa kushoto. Akitembea kidogo, kigimbi kinakaza hadi anashika ukuta. Akisimama, maumivu yanatulia. Hospitali walisema mishipa ya kupeleka damu miguuni imekuwa myembamba. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo pale hospitali akamfundisha: tembea mpaka paume, simama patulie, tembea tena, kila siku. Sigara aliiacha huku akitukana. Nilitembea naye. Kila aliposimama alijifanya anakagua kola za wapita njia. Mwishowe alifika sokoni bila kusimama, akanunua limau moja, basi tu ionekane amefika.

Nilipohamishwa kikazi, akahamia kwa kaka zangu. Hapo ndipo heshima ilipoanza.

"Mzee wetu ahangaike barabarani kama hana watoto? Watu watatuonaje?" Viatu vyake vikawekwa juu ya kabati. Akiinuka, "Pumzika, baba." Akitaka maji, yanaletwa. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, nimekuwa pazia. Asubuhi navutwa huku, jioni kule." Nilipowapigia, kaka mkubwa akanijibu, "Wewe unataka kumuua mzee kwa jua."

Akapata kidonda kwenye kidole cha mguu uleule, hakikupona. Mguu ukakatwa. Alifariki tarehe 21 Agosti asubuhi. Daktari hakuahidi kwamba kutembea kungemponya. Alisema kungempa nafasi. Ninyi, kaka zangu, mliikalia nafasi hiyo, mkaiita adabu. Sijawasamehe, na msilie kwa sauti hivyo, sijamaliza.

Ameacha watoto watatu, wajukuu sita, dada mmoja, na cherehani ambayo naichukua mimi. Viatu nimevishusha leo. Vimo ndani ya jeneza, vyote viwili.

Gari haliingii makaburini. Kaka mkubwa ameuliza kama kuna viti njiani. Hakuna. Tutatembea wote, atakayeumwa asimame, patulie, aendelee. Na tukifika, mtu asimwambie baba apumzike. Mlishampumzisha. Mungu ampe amani tu.