Bi Mwanapili na Kanda Kumi na Moja za Gofu

Alhamisi, tarehe 28 Februari 2019, Bi Mwanapili Abdulkadiri atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho hapa Kituo cha Kifua, Kismayo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya kazi. Wako watakaosema tuitoe ile miaka ambayo mji ulikuwa vitani na kituo kimefungwa. Yeye haitoi. Miaka hiyo aliishi kisiwani Ngumi kwa ndugu zake, na kila aliyekohoa zaidi ya wiki tatu alimfuata yeye.

Aliajiriwa mwaka 1986 kama mhudumu wa wodi: kufagia, kubadilisha mashuka, kugawa uji. Alijifunza kusoma kadi za dawa kwa kuwauliza wauguzi hadi wakachoka, na tulipofungua tena milango mwaka 2003 hakukuwa na mtu mwingine aliyejua mpangilio wa dawa za kifua kikuu kama yeye. Akapewa dirisha la dawa. Amekaa hapo hadi leo.

Wafanyakazi wapya hutuuliza kwa nini barazani kwetu asubuhi wagonjwa wanatazama wazungu waliovaa suruali za rangi kali wakipiga kijipira kwenye majani. Jibu ni refu kidogo, na kwa kuwa mwenyewe hapendi kujisifu, tumeona tulisimulie hapa katika jarida letu.

Marehemu mume wake, Bwana Aboud, alikuwa dereva wa mhandisi mgeni aliyefanya kazi bandarini miaka ya themanini. Mhandisi alipoondoka alimwachia televisheni, mashine ya video na sanduku la kanda kumi na moja. Bwana Aboud akaalika mtaa mzima kuja kutazama sinema. Kanda ya kwanza ilikuwa gofu. Ya pili gofu. Zote kumi na moja zilikuwa mashindano ya gofu ya miaka ya sabini, yaliyonaswa kutoka televisheni za huko kwao. Majirani walimaliza kahawa, wakashukuru, wakaenda zao. Bwana Aboud aliona haya kwa wiki nzima.

Bi Mwanapili alikuwa anapiga pasi. Aliacha kanda iendelee kwa sababu alipenda jinsi watu wale mamia kwa mamia walivyonyamaza mtu mmoja alipotaka kupiga. Pasi ilipoisha hakuondoka. Kiingereza hakukijua, na hakuna aliyemweleza sheria. Alizitambua mwenyewe baada ya kutazama kanda ileile mara nne au tano: kila mtu ana mpira wake, mashimo ni kumi na nane, mashindano ni ya siku nne, na anayepiga mara chache ndiye anayeshinda. Hilo la mwisho lilimfurahisha mno. Vita vilipoanza na familia ikakimbilia Ngumi, Bwana Aboud alitaka kuacha televisheni, mashine ya video na sanduku ili wabebe godoro. Vilibebwa vyote, na sanduku likakaa kisiwani miaka kumi na zaidi, limefungwa kwa kitambaa cha tanga, mahali pasipo na umeme hata wa kuwasha taa.

Tuliporudi kazini tulikuta tatizo ambalo dawa pekee haikuliweza. Wakati ule matibabu yalichukua miezi minane, na miwili ya kwanza mgonjwa alilala hapa, ameze dawa mbele ya macho yetu. Lakini baada ya mwezi mmoja homa huondoka, chakula huwa kitamu, na mtu hujiona mzima. Wavuvi na mafundi wa visiwani walikuwa wa kwanza kufunga vifurushi vyao. Kati ya wagonjwa hamsini na wawili wa mwaka wa kwanza, kumi na tisa waliondoka kabla ya wakati.

Mmoja wao tutamwita Mwanaharusi, ingawa hilo si jina lake. Aliaga dirishani wiki ya tano, akiwa mnene na mchangamfu. Akarudi baada ya miezi saba akiwa amebebwa, na dawa zetu hazikumfaa tena. Alifariki katika kitanda cha pili kutoka mlangoni. Bi Mwanapili alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Siku ya nne baada ya maziko alifika kazini na mkokoteni, na juu yake televisheni, mashine ya video na lile sanduku.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Jenereta letu liliwashwa saa nne hadi saa sita mchana kwa ajili ya darubini ya maabara. Katika saa hizo mbili, televisheni ingewekwa barazani, penye upepo. Umeze dawa, unywe maji, ufungue mdomo tuone, kisha ukae. Kila asubuhi siku moja ya mashindano, na hakuna kuruka mbele.

Daktari Hussein, mkuu wetu wa wakati ule, alicheka kwa adabu. "Bi Mwanapili, kama ni mchezo, wawekee mpira wa miguu. Gofu nani anaijua hapa?"

"Haya, daktari. Wewe weka mpira, mimi nitatazama."

Mpira uliwekwa Jumamosi moja. Bao la kwanza lilipoingia wanaume wote waliruka wakapiga kelele, na kelele ikawa kikohozi, na kikohozi kikaenea baraza nzima. Wagonjwa wawili walilazimika kurudishwa vitandani, mmoja akitema damu. Daktari Hussein mwenyewe ndiye aliyezima. Jumapili ikaanza gofu, na kwa saa mbili hatukusikia ila upepo na sauti ya mtangazaji akinong'ona. Daktari alisimama mlangoni na mikono mfukoni. Kesho yake alikuja na kiti.

Siku za mwanzo wagonjwa walitazama kwa mshangao tu. Mzee mmoja mfugaji kutoka bara alisikitika sana: "Majani yote haya, na ngamia hata mmoja hawamleti!" Watu wa visiwa vya Koyama na Fuma, waliozaliwa mchangani, hawakuelewa kwa nini watu wazima wenye afya waogope mpira wao kuangukia mchanga. Majina ya wachezaji hatukuyashika, kwa hiyo kila mmoja alipewa lake: Suruali Nyekundu, Kofia ya Kijani, Bwana Taratibu, ambaye alizunguka mpira wake mara tano kabla ya kuugusa. Kanda ya nne iliwahi kukatika na kipande kikaharibika, Rukia wa maabara akaiunga kwa gundi ya karatasi. Tangu hapo Suruali Nyekundu hupiga mpira ukapaa, na unaotua ni wa mtu mwingine kwenye uwanja wenye mvua. Wagonjwa wamelipatia jambo hilo maelezo mengi. Ya kuaminika zaidi ni kwamba ulikwenda mbali sana.

Waliokwisha kuona kanda walikula kiapo cha kutowaambia wapya nani alishinda. Kiapo hicho kiliheshimiwa kuliko amri zetu zote. Tumewahi kushuhudia watu waliotazama siku ya mwisho mara saba wakishika pumzi kama vile mpira unaweza kubadili mawazo.

Hata hivyo haukuwa mpango usio na dosari, na Bi Mwanapili ndiye aliyeigundua. Fumo, fundi wa vyombo vya baharini kutoka Koyama (ametupa ruhusa ya kumtaja, tena amesisitiza), alikuwa mgonjwa wetu wa mwaka 2005. Wiki ya tano alikwenda dirishani na kifurushi.

"Niambie tu Kofia ya Kijani alishinda au hakushinda, niende zangu."

"Meza dawa ya kesho, utaona."

Akacheka, akabaki. Kesho yake mashindano yalikwisha, Kofia ya Kijani akashinda kwa pigo moja, watu wakapeana mikono. Saa saba kitanda cha Fumo kilikuwa kitupu.

Wiki ilipopita hajarudi, Bi Mwanapili aliomba ruhusa ya siku mbili. Alipanda boti ya mashine ya wachuuzi wa samaki hadi Koyama, na dawa za Fumo ndani ya mkoba. Alimkuta uwanjani mwake, tezo mkononi, anachonga ubavu wa mashua, na mkewe Maimuna anapika karibu. Yaliyosemwa pale tumeyapata kwa Fumo mwenyewe.

"Bi Mwanapili! Umeniletea televisheni?"

"Nimekuletea dawa. Umekosa siku tisa."

"Tazama mikono hii. Mchu mzima, mtu asiyeumwa, hulazwa kwa nini? Nina mashua ya watu hapa, nina watoto."

Bi Mwanapili alikaa juu ya ubao. Hakumtajia gofu wala hakumtisha.

"Mwaka juzi mwanamke mmoja aliniambia maneno kama hayo dirishani. Nilikuwa nimeshika mabakuli ya uji, kazi nyingi. Sikuyaweka chini. Nikamwambia, haya, nenda salama. Aliporudi nilimwosha kwa mikono hii. Leo sikushika mabakuli, Fumo. Nimekaa. Nitakaa hadi boti ya kesho."

Fumo anasema aliendelea kuchonga mahali palipokwisha kuchongwa. Maimuna ndiye aliyeinuka. Alichukua tezo mkononi mwa Fumo, akaingia ndani, akatoka na kifurushi kilekile ambacho alikuwa hajakifungua tangu mumewe arudi. Fumo akameza dawa pale pale, kwa maji ya mtungi. Asubuhi walipanda boti pamoja. Ilibidi aanze miezi miwili upya, na alinung'unika kila siku ya miezi hiyo. Mwaka uliofuata alipona, na mashua ile iliyokuwa imesubiri akaimaliza. Amekuwa akituletea pweza mkavu kila Idi.

Tangu safari hiyo Bi Mwanapili alibadilisha utaratibu. Aligundua kwamba mwisho wa mashindano ndio mlango ambao watu hutokea, kwa hiyo hakuruhusu tena uwe wazi. Bingwa mmoja akishainua kikombe, kabla hajakibusu, kanda nyingine inaingia na watu wengine wanaanza shimo la kwanza. Na kama mtu ameondoka licha ya yote hayo, yeye mwenyewe humfuata: Ngumi, Fuma, Koyama, mitaa yote ya Kismayo, na mara mbili kambi za wafugaji alikopelekwa kwa lori la mbuzi. Ripoti zetu huyaita haya ufuatiliaji wa wagonjwa. Yeye huyaita matembezi.

Hatutaki kudai kwamba gofu inatibu kifua kikuu. Siku hizi matibabu ni miezi sita, wengi humezea dawa nyumbani, na kila mgonjwa ana simu mfukoni. Kanda zilihamishiwa kwenye diski mwaka 2011, mashine ya zamani ilipokataa kabisa. Lakini saa nne barazani bado viti hujaa, na wako waliopona zamani ambao hupita tu, hukaa nyuma kabisa, hutazama mashimo mawili matatu, kisha huenda sokoni. Mwaka jana, kati ya wagonjwa mia moja na arobaini, walioacha dawa walikuwa wawili.

Bi Mwanapili atahamia Ngumi kwa binti yake Mwanabibi. Tulimuuliza angependa zawadi gani, tukimtajia kitanda, cherehani, hata simu kubwa. Alitusikiliza hadi tukamaliza. Kisha akasema hataki kitu, ila anaomba nafasi ndogo katika jarida hili.

Nafasi yenyewe ni hii. Kati ya wale wawili wa mwaka jana, mmoja alimpata, na sasa amebakiza mwezi mmoja wa dawa. Wa pili hajampata. Jina lake hatuliandiki, lakini kila mfanyakazi analijua: ni kijana wa Fuma, mrefu, mshona nyavu, aliyeondoka wiki ya tatu na hakuaga. Bi Mwanapili ameshamwendea mara tatu, na mara zote ameambiwa yuko kisiwa kingine. Anatuomba, yeyote atakayemwona asimlaumu wala asimkemee. Amwambie tu kwamba boksi lake la dawa liko rafu ya juu, upande wa kushoto, na kwamba kiti chake hakijapewa mtu.

Ahsante, Bi Mwanapili, kwa kila kidonge ulichosubiri kishuke kooni. Tutamtafuta sisi. Wewe nenda Ngumi ukapumzike, Mungu akupe afya na umri mrefu kati ya watu wako.